Mji usio na njia ya kutokea si lazima uwe uhalisiamazingaombwe

Riwaya inaanza hivi: mgeni anaingia katika mji asioujua, kesho yake anataka kuondoka, na barabara inamrudisha palepale. Msomaji anaimaliza, anaandika uhakiki wa aya mbili, na neno la kwanza kubwa analolitumia ni uhalisiamazingaombwe. Mwanafunzi analinakili, mwalimu analipitisha, na sasa kila kitabu chenye jini, mlango uliojifunga wenyewe au mji wa ajabu kinaitwa hivyo. Riwaya ya namna hii, mara nyingi, ni fantasia.

Fantasia ni hadithi ambayo dunia yake ina kanuni isiyokuwepo katika dunia yetu, na hadithi inaisimamia kanuni hiyo kama ukweli mpaka mwisho. Uhalisiamazingaombwe, au uhalisiajabu kama wengine wanavyopenda kuuita, ni hadithi ya dunia hiihii yenye kodi ya nyumba, malaria na bei ya mkaa, ambamo lisilowezekana linatokea na wahusika wanalipokea kama wanavyolipokea jua la saa sita mchana. Ukubwa wa ajabu hauamui lolote. Kinachoamua ni mapokezi yake.

Linalotuponza ni jina. Mazingaombwe, kwa Kiswahili cha kila siku, ni kiinimacho: mtu anasimama uwanjani, anatoa shilingi sikioni mwa mtoto, anachana noti na kuirudisha nzima. Watazamaji wanajua wanachezewa, na ndiyo maana wanapiga makofi. Nusu ya kwanza ya neno inasikika wazi katika ukoo wa kuzinga, yaani kuzunguka, ukoo uliotupa kuzingira, mazingira, mzingo na mzingile. Kwa hiyo ukiwa na riwaya ya mtu aliyezingirwa na mji, sikio linavutwa kirahisi: mji unazingira, basi ni mazingaombwe. Mvuto huo ni wa sauti, hauna hoja ndani yake.

Ubavuni mwake likawekwa neno halisi. Asili yake ni Kiarabu, khalis, kitu kisichochanganywa: maziwa halisi, dhahabu halisi. Tumelichukua neno la kisichochanganywa tukaliunga na neno la kudanganya macho, kisha tukatarajia mwanafunzi akisie maana kwa kuvunja sehemu. Hawezi. Akivunja anapata «ukweli wa kiinimacho», na kwa maana hiyo kitabu chochote cha miujiza kinaingia.

Istilahi yenyewe haikuzaliwa kwenye riwaya. Mwaka 1925 mhakiki wa sanaa Mjerumani, Franz Roh, aliitumia kuelezea wachoraji waliorudi kuchora meza, kiti na uso wa mtu kwa usahihi mkali mno, hadi kitu cha kawaida kikaanza kuonekana kigeni. Hapakuwa na jini wala mzimu katika hoja yake. Neno alilotumia pale tulipoweka mazingaombwe, «magisch», yaani «-a kichawi», limetoka kwa Wayunani, nao walilipata kwa Waajemi wa kale, kwao likiwa jina la makuhani. Neno hilohilo lilipita kwa Waarabu likawa majus, likatufikia sisi kama mamajusi, wale wa Mathayo sura ya 2. Kwa hiyo tuna ndugu wa damu wa neno la Roh humu nyumbani, na hana uhusiano wowote na vidole vyepesi vya mtu wa uwanjani.

Waarabu, walipoitafsiri istilahi hii, walisema uhalisia wa kisihiri. Sihiri nasi tunayo, na ina uzito unaotakiwa: aliyesihiriwa hapigi makofi, kwake jambo ni la kweli. Kiswahili cha uhakiki kikapita njia nyingine. Jina limeshakaa vitabuni, sipendekezi kulifuta, ila anayelitumia akumbuke kwamba nusu yake ya pili haisemi kile ambacho dhana inasema.

Kutoka Ujerumani dhana ilivuka bahari. Alejo Carpentier wa Kuba alikwenda Haiti mwaka 1943, na katika dibaji ya riwaya yake ya 1949 akaandika kwamba kuliona la ajabu kunahitaji kwanza imani. Sentensi hiyo inafaa kubandikwa juu ya meza ya kila mhakiki wa Pwani, kwa sababu mzimu ndani ya riwaya ya watu wanaoamini mizimu si alama ya chochote peke yake. Unaweza kuwa uhalisia mtupu.

Mwaka 1967 Gabriel García Márquez, mwandishi wa Kolombia, katika riwaya ya Miaka Mia Moja ya Upweke, akatupa Macondo, mji ambao mwanzilishi wake anatafuta njia ya kutoka, anakata tamaa, na kutangaza kwamba umezungukwa na maji pande zote. Huo nao ni mji wa kunasa, lakini hakuna uchawi kwenye kunasa huko, ni jiografia tu, na mkewe ndiye anayekuja kuipata njia. Ajabu iko kwingine. Msichana anapaa mbinguni wakati wanakunja shuka, anakwenda nazo, na mwanamke mwingine wa nyumba ile anabaki anamwomba Mungu amrudishie shuka zake. Tazama hapo. Sentensi imekataa kushangaa, macho yote yako kwenye vitambaa. (Jina Macondo lilikuwa la shamba la ndizi ambalo García Márquez alikuwa akiliona kutoka dirishani mwa treni. Miaka mingi baadaye alisoma katika ensaiklopidia habari za Wamakonde wa Tanganyika, akafikiri huenda asili iko huko.)

Sasa turudi kwenye mji wetu usiotokeka. Chukua tukio moja. Daladala inaondoka stendi saa kumi na mbili asubuhi, inavuka daraja, inapita mashamba ya mkonge, na saa moja inaingia stendi ileile.

Abiria wanashuka. Mama mwenye ndoo ya dagaa anagombana na konda anayedai nauli ya pili kwa kuwa gari limefika. Mwingine anaona ni afadhali, alikuwa amesahau funguo. Kesho wanapanda tena. Hakuna anayeuliza barabara imepatwa na nini, na mwandishi naye haulizi. Huo ni uhalisiamazingaombwe.

Tukio lilelile, mkono mwingine. Mgeni anashuka miguu haimbebi. Siku ya pili anafunga kitambaa chekundu kwenye mkonge wa mwisho, siku ya tatu anahesabu abiria, siku ya tano anagundua kwamba gari hurudishwa pale tu linapombeba mtu mwenye deni na mji. Hapa kuna kanuni. Inachunguzwa, inapimwa, hatimaye inatumiwa. Hiyo ni fantasia, hata kama dagaa, konda na mkonge ni wa kwetu kabisa. Mandhari ya nyumbani hayaigeuzi kuwa kitu kingine, na hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote.

Kuna mkono wa tatu: tunasikia habari hii kwa mgeni peke yake, ana homa ya siku tatu, na dereva anaapa kwamba gari halikutoka leo. Ni ajabu kweli, au ni homa tu? Mhakiki Tzvetan Todorov, mwaka 1970, alisema kusita kwa msomaji kati ya maelezo mawili kama haya ni utanzu kamili, na kwamba unakufa mara tu msomaji anapoamua upande.

Tofauti hii ina kazi mezani kwa mwandishi, kwa kuwa kila upande una makosa yake. Katika fantasia kanuni lazima ipandwe mapema. Mpaka theluthi ya kwanza ya kitabu msomaji awe ameiona ikifanya kazi walau mara mbili, moja kati ya hizo ikimuumiza mtu, kabla shujaa hajaitumia kutoka. Ufunguo ukitoka kwa mzee ambaye hakutajwa hadi sura ya mwisho, riwaya imeanguka. Tena mji uliofungwa unadaiwa unga. Watu 300 wanaokula nusu kilo kila mmoja kwa siku wanahitaji kilo 150, gunia moja na nusu la kilo mia, na kwa mwaka ni karibu tani 55. Bado chumvi, mafuta ya taa na dawa. Mwandishi wa fantasia asipojibu unatoka wapi, msomaji atauliza kwa niaba ya wafungwa, kwa sababu mgeni ni mchunguzi na angeuliza mwenyewe. Katika uhalisiamazingaombwe unga unaweza kuwepo tu, maadamu wenyeji hawaushangai. Kule kosa ni kinyume: kueleza. Laana ya chifu ikisimuliwa kibarazani kama uvumi, hakuna ubaya. Ikithibitishwa kuwa ndiyo chanzo, kisha ikavunjwa kwa tambiko katika sura ya mwisho, kitabu kimehamia fantasia, na sura za mwanzo zinakuwa na deni la kanuni ambayo hazikuipanda.

Mahali ambapo neno mazingaombwe lingekaa sawasawa, kwa maana yake ya asili, ni katika ule Mji wa Shaba wa Alfu Lela U Lela. Msafara wa jemadari Musa bin Nusayr unaufikia ukuta usioonyesha mlango, mtu anapanda ngazi, akifika juu anaona wasichana wazuri wanamwita, anapiga makofi na kujirusha, anakufa. Wasichana hawapo. Kile ni kiinimacho hasa, kimewekwa kuulinda mji, na anakishinda mzee mmoja anayepanda akisoma aya za Qurani mpaka taswira zile za wasichana zinapotea. Hata hivyo hadithi nzima si uhalisiamazingaombwe. Kila mtu pale chini ya ukuta ameshtuka.

Basi ukiishika riwaya ya mtu aliyenaswa na mji, tafuta ukurasa anaokutana na mwenyeji wa kwanza na kumwambia barabara imemrudisha. Mwenyeji akimweleza masharti ya mji, andika «riwaya ya kifantasia», wala hujaishusha hadhi. Akimuuliza kama amekwishakunywa chai, halafu kitabu kikaendelea na habari za chai, hapo ndipo lile neno refu lina kazi.