Ushonaji usiobakiza: maana yake

Ushonaji usiobakiza ni ufundi wa kupanga vipande vya nguo juu ya kitambaa hivi kwamba mkasi ukimaliza kazi, chini hakuna cha kufagia. Kitambaa chote kinaingia kwenye nguo.

Kwa kawaida haiwi hivyo. Pita kwa fundi yeyote wa Kirumba, Mwanza, jioni anapofunga: chini ya cherehani kuna pembetatu za vitenge, vijipande vya duara vilivyotolewa shingoni, nyuzi za pindo. Chanzo ni mzingo. Kwapa lina mzingo, shingo ina mzingo, nyonga vilevile, na mizingo haikai ubavu kwa ubavu bila kuacha pengo. Viwandani vitambaa hurundikwa tabaka juu ya tabaka vikakatwa kwa mkupuo, na kadirio linalotajwa sana ni kama asilimia 15 ya kitambaa kuishia sakafuni. Na hapo mpangaji ni kompyuta!

Wabunifu wa leo wanauita ufundi mpya. Mimi hucheka kidogo. Itazame kanzu ya zamani: badani, yaani kipande cha kiwiliwili, mbele na nyuma, taharizi za kuipanua ubavuni, kikwapa, kile kipande kidogo cha pembe nne chini ya mkono. Karibu kila mkato umenyooka, kwa hiyo vipande hukaa kitambaani kama matofali ukutani. Khanga ndiyo imemaliza kabisa: doti inakatwa katikati, inapindwa, basi.

Mabaki ya pamba, hii inayolimwa Usukumani, yakitupwa yanaoza. Lakini vitambaa vingi sasa ni poliesta, yaani plastiki inayotokana na mafuta ya petroli. Haiozi, na ukiichoma inayeyuka na kutoa moshi wa kukaba koo. Kilichotupwa mtaroni mvua inakisukuma hadi Mto Mirongo, na Mirongo humwaga maji yake ziwani.

Ufundi huu una mipaka yake. Anayetaka gauni la kubana hataridhika na mikato iliyonyooka. Kitenge chenye ndege nacho kinasumbua, maana huwezi kugeuza kipande ndege akatembea kichwa chini. Na mabelo ya mitumba ya soko la Mlango Mmoja hauyagusi kabisa: nguo zile zilikatwa zamani, mabaki yakabaki huko zilikoshonwa. Tunachotupa sisi pale ni nguo nzima isiyouzika, na hilo ni tatizo lingine.

Fundi wangu jina hili hajawahi kulisikia. Ila ukimpelekea kitambaa hukitandaza chote mezani kwanza, kisha huizungusha karatasi ya kukatia mkono mpaka ijibane kwenye kona. Kikizidi kipande, anatoa mkanda au kilemba. Vile visivyofaa kitu anavishindilia kwenye mto wa kiti chake. Nimeukalia mara moja nikisubiri suruali. Mgumu kama gunia la mahindi.