Kazi za ujenzi za halmashauri: zinakopatikana na zinakowaponyoka wazabuni

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Mkandarasi anayesubiri aone tangazo la zabuni mwezi Novemba ndipo aanze kuhangaikia vyeti, mitambo na dhamana ya benki, ameshaachwa miezi minne nyuma. Kazi hiyo ilijulikana tangu Baraza la Madiwani lilipopitisha bajeti, ikaingizwa kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, na mpango huo unasomeka kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Humo utaona jina la kazi, njia ya ununuzi itakayotumika na muda ambao zabuni inatarajiwa kutangazwa. Tanzania Bara ina halmashauri 184, na hakuna haja ya kuzifuatilia zote. Chagua tatu au nne ambazo greda lako linaweza kufika bila gharama ya kulisafirisha kumeza faida, kisha soma mipango yao mstari kwa mstari.

Kabla ya hapo, hakikisha unabisha mlango wenye kazi unayoitaka. Wengi bado huenda halmashauri kuulizia barabara za vijijini na mitaani, ilhali tangu mwaka 2017 barabara hizo ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambayo ina ofisi zake wilayani na hutangaza zabuni zake yenyewe. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Miradi ya maji vijijini ilihamia RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwaka 2019. Halmashauri imebaki na majengo: madarasa, zahanati, vituo vya afya, nyumba za watumishi, masoko, stendi, machinjio na ofisi za kata, pamoja na ukarabati wake.

Hata kwenye majengo hayo, sehemu kubwa haipitii kwa makandarasi. Shule na zahanati nyingi hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule au kituo, kamati inanunua vifaa, na fundi analipwa nguvu kazi. Madarasa 15,000 yaliyojengwa kuanzia mwaka 2021 kwa fedha za UVIKO, kila moja kwa Sh milioni 20, yalitekelezwa zaidi kwa njia hiyo. Kwa hiyo, kama wewe ni fundi mwenye timu yako lakini huna kampuni, nafasi yako ipo. Jisajili NeST kama fundi, kisha jitambulishe kwa mhandisi wa halmashauri.

Fundi wa fosi akaunti huumia kwenye mkataba, mara chache sana kwenye kazi yenyewe. Anakubali bei ya jumla ya darasa zima, anaanza, saruji inakwisha akiwa amefika kwenye lenta, kamati inachukua wiki tatu kununua nyingine, na vibarua wake wanakula bila kuzalisha. Mkataba wa ufundi ugawe malipo kwa hatua zinazoonekana kwa macho: msingi na jamvi, kuta hadi lenta, kupaua, lipu na sakafu, umaliziaji. Uandike pia kwamba siku za kazi zinasimama kuhesabika pale vifaa vinapokosekana, na fundi aandike barua siku hiyohiyo vinapokosekana. Barua ya mistari miwili yenye mhuri wa kupokelewa ndiyo itakayokutetea siku ukiulizwa kwa nini umechelewa.

Sasa tuje kwa makandarasi. Sheria inayotumika ni Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, pamoja na Kanuni zake za 2024. Kanuni hizo zimepandisha kiwango cha kazi za ujenzi zinazotengwa kwa makandarasi wa ndani peke yao hadi Sh bilioni 50, kutoka bilioni 10 za awali. Ukiangalia ukubwa wa miradi ya halmashauri, maana yake ni kwamba karibu kazi zote za ngazi hii ni za Watanzania. Ushindani uliobaki ni kati yenu wenyewe.

Usajili una mlolongo wake, na ukiruka hatua moja zote zinazofuata zinakwama. Kampuni au jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. TIN na uthibitisho wa kulipa kodi hutoka TRA. Bodi ya Usajili wa Makandarasi inakupa aina na daraja: makandarasi wa majengo na wa kazi za kihandisi wamegawanywa kuanzia daraja la kwanza hadi la saba, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi unayoruhusiwa kuchukua. Leseni ya biashara inafuata. Baada ya hapo ndipo ujisajili NeST, ambayo huvuta taarifa zako kutoka kwenye mifumo ya taasisi hizo. Jina lililoandikwa BRELA kwa namna moja na TRA kwa namna nyingine litakusumbua, kwa hiyo lirekebishe mapema, wakati hakuna zabuni inayokusubiri.

Ukiwa ndani ya NeST, utatakiwa kuchagua aina za biashara unazofanya. Hapa ndipo wengi hujifungia nje wenyewe. Anayechagua majengo peke yake hatapata nafasi kwenye kazi ya makalavati, hata kama ana cheti cha kazi za kihandisi kabatini. Vilevile, mtu anayesaini zabuni kwa niaba ya kampuni lazima awe na hati ya uwakilishi iliyo hai. Nenosiri la kusaini lisikae kwa kijana wa steshenari aliyekusaidia kujaza fomu, kwa sababu kinachosainiwa kwa nenosiri hilo kinakufunga wewe.

Zabuni inafungwa kwa saa ya mfumo. Hakuna wa kumpigia simu akuongezee dakika tano. Pandisha nyaraka zako siku mbili kabla, kwa sababu faili zito na mtandao dhaifu wa jioni ya mwisho vimewatoa watu wengi wenye uwezo kamili wa kazi.

Kinachoamua zaidi ni bei, na bei inatoka kwenye BOQ, yaani orodha ya vipengele vya kazi na kiasi chake ambayo mzabuni huijaza bei. Chukua kazi ya TARURA ya kuweka changarawe barabara ya kilomita 6, upana mita 5, unene sentimita 15. Kilomita moja inahitaji 1,000 × 5 × 0.15, yaani mita za ujazo 750. BOQ itahesabu 750 kwa kila kilomita, na mzabuni mwenye haraka ataigawa kwa tipa la mita za ujazo 10 apate safari 75. Lakini 750 hiyo ni changarawe iliyokwisha kushindiliwa. Iliyoko kwenye tipa imelegea, na kwa changarawe nyingi unahitaji kuongeza kama asilimia 30. Unapata mita za ujazo 975, yaani safari 98. Kama safari moja ni Sh 120,000, safari 23 ulizozisahau ni Sh 2,760,000 kwa kilomita, na Sh 16,560,000 kwa barabara nzima. Mzabuni huyo atashinda kwa sababu bei yake ni ya chini, kisha atakwama kilomita ya tano.

Ndiyo maana kutembelea eneo la kazi si jambo la hiari kwa mtu makini. Pima kwa dashibodi ya gari umbali kutoka shimo la changarawe hadi katikati ya barabara. Uliza shimo ni la nani na anataka fidia gani. Tafuta maji yako wapi, kwa sababu bila maji hakuna ushindiliaji, na bauza linalosafiri kilomita 15 kila safari linabadilisha hesabu yote. Mkataba utadai mshindilio wa kiwango fulani, mara nyingi asilimia 95 ya kipimo cha maabara, na mhandisi hatasaini tabaka lisilofika hapo. Gharama ya vipimo hivyo iwe ndani ya bei zako.

Kwenye majengo, pesa hupotea kwenye kurasa za mwanzo za BOQ: bango la mradi, ghala, choo cha wafanyakazi, uzio, ulinzi wa usiku, bima, usajili wa mradi kwa Bodi ya Makandarasi, usajili wa OSHA (usalama mahali pa kazi), na michango ya NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (fidia kwa wafanyakazi). Mtu anaandika sifuri kwenye vipengele hivyo akidhani anashusha bei. Kipengele kilichowekwa sifuri huhesabiwa kuwa kimefidiwa kwenye bei nyingine, nawe utadaiwa kukitekeleza.

Bei ikiwa chini kupita kiasi, kamati ya tathmini inaweza kukutaka uifafanue. Jibu linalokubalika ni mchanganuo: kiasi cha vifaa, bei ya duka, idadi ya vibarua kwa siku, mafuta ya mitambo. Anayejibu kwamba “tuna uzoefu mkubwa” hajajibu kitu.

Vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu vina fungu lao. Sheria inaitaka kila taasisi itenge asilimia 30 ya ununuzi wake wa mwaka kwa makundi hayo. Mlango wa kuingilia ni Idara ya Maendeleo ya Jamii ya halmashauri, ambayo hukisajili na kukisimamia kikundi mpaka kiingie NeST. Kazi zinazofaa kuanzia ni kufyeka kingo za barabara, kuzibua mitaro, kupaka rangi, kutengeneza madawati na kusambaza mchanga na kokoto. Badala ya dhamana ya benki, kikundi kinaweza kutakiwa kusaini tamko tu. Mtaji mdogo unaweza kutoka kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tunavisihi vikundi visichukue kazi kwa jina lao kisha vikamwachia mfanyabiashara aifanye na kuwapa “asante”. Fungu hilo liliwekwa ili wanakikundi wapate kipato na ujuzi, na udanganyifu wa namna hiyo unaweza kukifungia kikundi kisishiriki tena.

Tathmini ikikamilika, wazabuni wote hupokea notisi ya kusudio la kutoa tuzo, ikieleza nani amependekezwa na kwa nini wengine wameachwa. Isome siku hiyohiyo. Muda wa kulalamika kwa Ofisa Masuuli, ambaye kwa halmashauri ni mkurugenzi, unahesabiwa kwa siku chache za kazi, na ukipita haurudi. Usiporidhika na uamuzi wake, hatua inayofuata ni Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma. Taja kifungu cha nyaraka za zabuni kilichokiukwa na ukurasa wake. Lawama za jumla hazina pa kushikika. Ukiombwa rushwa, hilo si suala la rufani: piga TAKUKURU namba 113, bila malipo.

Ukishinda, kaa na mhasibu kabla hujasaini. Tuseme mkataba una malipo ya awali ya asilimia 30 yanayokatwa kwa kiwango hichohicho kwenye kila hati ya malipo, na zuio la asilimia 10, yaani fedha inayoshikiliwa hadi kipindi cha kasoro kiishe. Umefanya kazi ya Sh milioni 60. Zuio linaondoka na milioni 6, marejesho ya malipo ya awali milioni 18. Kodi ya zuio kwenye ujenzi hukatwa sehemu ya huduma, ambayo kikanuni ni mbili ya tano ya thamani: asilimia 5 ya milioni 24 ni milioni 1.2. Bila kugusa VAT, kinachoingia benki ni Sh milioni 34.8. Ikiwa vifaa na vibarua vya hatua hiyo vimekula milioni 45, pengo la zaidi ya milioni 10 lazima lizibwe na malipo ya awali, na hapo ndipo inapoonekana kama fedha hizo zilikwenda kwenye nondo na saruji au kwenye gari jipya. Bodi ya Makandarasi ina mfuko unaowasaidia makandarasi wadogo kupata dhamana. Uulizie kabla ya kwenda kuweka hati ya nyumba benki.

Omba upimaji wa pamoja na mhandisi kila hatua inapokamilika, hasa ile itakayofukiwa: kina cha msingi, nondo kabla ya zege, matabaka chini ya changarawe. Kazi iliyofukiwa bila kupimwa ni ngumu kulipwa. Vivyo hivyo kazi ya ziada uliyoagizwa kwa mdomo, hata na kiongozi mkubwa. Subiri agizo la maandishi kutoka kwa msimamizi wa mkataba.

Kipindi cha uangalizi wa kasoro kikiisha, andika barua kuomba ukaguzi wa mwisho na kurejeshewa fedha za zuio, maana zisipoombwa hukaa. Siku hiyohiyo chukua hati ya kukamilisha kazi yenye thamani ya mkataba na tarehe zake, uipandishe kwenye taarifa zako za NeST, kwa kuwa zabuni ya Julai ijayo itakuuliza uzoefu wa kazi kama hiyo.