Chakula cha mwisho si lazima ndicho kilichokuumiza
Kuna ujumbe usiokoma kwenye magrupu: ukiharisha au kutapika, chanzo ni chakula cha mwisho ulichokula, basi mtangaze muuzaji. Si lazima iwe hivyo. Sumu ya bakteria wa stafilokoka hutapisha ndani ya saa chache, lakini bakteria wa salmonela huchukua saa 6 hadi siku 6 kabla ya dalili kuanza, na homa ya ini A siku 15 hadi 50. Tumbo likinyonga, tunakumbuka sahani ya karibuni tu. Ndiyo maana wahudumu wa afya huuliza milo ya siku kadhaa, wakalinganisha majibu ya wagonjwa na kupima kinyesi. Orodhesha ulivyokula wiki nzima, uwapelekee. Ujumbe huo tafadhali usiusambaze. Unamharibia mtu riziki huku chanzo halisi kikiendelea kuuguza wengine.