Saa Kongwe ya Umeme: Si Kila Ikichelewa Gia Zimekwisha

Katika nyumba za watumishi wastaafu, ofisi za misheni na majengo ya zamani ya serikali, kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni, unaweza bado kukuta saa ya ukutani inayokula umeme moja kwa moja kutoka kwenye soketi, isiyo na betri wala ufunguo wa kujaza. Inapoanza kusumbua, hukumu hutolewa kabla ya bisibisi kugusa skrubu: gia zimekwisha. Wakati mwingine hukumu hiyo ni ya kweli. Mara nyingi, hata hivyo, saa hufunguliwa, magurudumu mazima huchokonolewa, na kasoro ya awali hubaki palepale, tena ikiwa na wenzake wawili watatu walioongezwa na fundi.

“Saa inachelewa, basi meno ya gia yamelika”

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote, kwa hiyo inastahili kujibiwa kwa kirefu. Saa za aina hii huendeshwa na mota sinkronasi, yaani mota ambayo rota yake (sehemu inayozunguka) hulazimika kwenda sambamba na masafa ya umeme wa gridi, yaani idadi ya mara umeme unavyobadili mwelekeo na kurudi kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi. Tanzania hutumia umeme wa hezi 50. Rota yenye ncha mbili za sumaku itazunguka mara 3,000 kwa dakika, na yenye ncha 30 itazunguka mara 200 kwa dakika; haiwezi kwenda polepole kidogo kwa kuchoka, bali hufuata mwendo huo au husimama. Ndiyo maana Henry Warren wa Marekani, aliyeziendeleza saa hizi, alifunga mwaka 1916 saa maalumu katika kituo cha kuzalishia umeme mjini Boston, ili waendeshaji wa mitambo waone kama masafa yamepotoka na kuyarekebisha. Mtunza wakati halisi alikuwa kituo cha umeme, na saa ya nyumbani ilikuwa ikihesabu tu.

Kutoka kwenye rota hadi kwenye mishale kuna msururu wa magurudumu ambayo uwiano wake hutokana na idadi ya meno, na idadi hiyo haibadiliki kwa sababu jino limekuwa jembamba. Gurudumu lililolika hata nusu ya unene wa meno yake bado litatoa saa sahihi, mradi meno yanaendelea kushikana. Siku yatakaposhindwa kushikana, saa haitachelewa kwa ustaarabu wa dakika mbili kila siku: itaruka, itagonga, itakwama mahali pale pale kila mzunguko, au rota itavuma huku mishale imetulia tuli.

Kwa hiyo fundi makini huanza kwa kutazama, si kwa kufungua. Linganisha mshale wa sekunde na saa ya simu kwa muda wa kutosha. Ikiwa mshale wa sekunde unakwenda sawasawa lakini wa dakika unabaki nyuma, gia hazina hatia. Kilicholegea ni klachi ndogo ya msuguano inayoshika mshale wa dakika, ile inayokuruhusu kurekebisha saa kwa kitufe cha nyuma. Ikiwa saa hukwama kila baada ya muda uleule, muda huo wenyewe ni ushahidi: gurudumu linalomaliza mzunguko katika muda huo ndilo la kuchunguzwa kwanza. Na ikiwa saa imebaki imesimama baada ya umeme kukatika na kurudi, huenda haina ugonjwa wowote, kwa sababu miundo mingi ya zamani haijiwashi yenyewe. Husubiri mkono wa mtu uizungushe rota kwa kitufe cha kuwashia. Baadhi hata zikiwashwa vibaya huanza kurudi nyuma.

“Saa ya Marekani itakaa sawa ukiipa transfoma”

Transfoma hupunguza volti kutoka 230 hadi kiwango cha Marekani, jambo ambalo ni la lazima ili koili (waya uliozungushiwa ndani ya mota) isiungue, lakini haigusi masafa hata kidogo. Saa iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikichomekwa kwenye hezi 50 itatembea dakika 50 katika kila saa moja, yaani itapoteza dakika 10 kwa saa na saa nne nzima kwa siku. Ukiona upotevu wa namna hiyo, ulio sawia na usiobadilika, acha gia kwa amani. Zaidi ya hayo, koili ile ile huvuta mkondo mkubwa zaidi masafa yanaposhuka, kwa hiyo ikipewa volti zake kamili itapata joto kupita ilivyokusudiwa. Tiba ya kweli ni kubadilisha mota, au kubadilisha uwiano wa jozi moja ya gia kwa sita kwa tano, au kutumia kifaa kinachozalisha hezi 60.

Jirani wa dhana hii ni ile isemayo kwamba umeme mdogo huchelewesha saa. Volti zikishuka, nguvu ya kusukuma hupungua, lakini mwendo haupungui mpaka rota ishindwe kabisa kufuata na kusimama. Jenereta dogo la petroli ni habari nyingine, kwa kuwa masafa yake hupanda na kushuka kwa kadiri injini inavyoelemewa, na saa nayo hufuata.

“Kinacholika ni meno”

Hapa tuchukulie kwamba uchunguzi umeonyesha tatizo liko kweli kwenye mtambo wa gia. Hata hivyo, meno si mahali pa kwanza pa kulaumu. Kila shafti hukaa katika matobo mawili, moja kwenye bamba la mbele na jingine kwenye bamba la nyuma, na tobo lililokauka hulika upande mmoja tu, upande ambao gia jirani inausukuma. Duara huwa yai. Shafti husogea, meno hushikana kwa ncha badala ya kuingiana inavyopasa, na hapo ndipo yanapoanza kusagika. Ukitengeneza meno na kuliacha tobo, umemtibu mgonjwa homa ukamwachia malaria.

Zima umeme, toa mashine nje, shika shafti kwa kibanio na uisogeze taratibu pembeni chini ya lenzi na mwanga wa kutosha. Mchezo mdogo sana, yaani nafasi ya kusogea, unatakiwa uwepo. Ncha ya shafti inayoogelea ndani ya tobo haitakiwi. Mafundi wengine hugonga kando ya tobo kwa kitobozi ili shaba ijibane. Njia hiyo hufanya kazi kwa muda mfupi, huacha majeraha yasiyofutika, na humharibia kazi fundi atakayefuata. Njia sahihi ni kuvuta kwanza kitovu cha tobo kirudi mahali pake pa asili, kulipanua kwa kikwaruzo kutoka upande wa ndani wa bamba, kisha kushindilia bushi (kipete cha kubebea shafti) mpya ya shaba ya manjano na kuisawazisha mpaka shafti izunguke bila kubanwa.

Kuna jambo ambalo huwashangaza wengi wanapoliona chini ya lenzi. Gurudumu kubwa la shaba, ambalo ni laini, mara nyingi huonekana zima, huku gia ndogo ya chuma cha pua inayoshikana nalo ikiwa imechimbwa mitaro. Sababu ni vumbi. Punje ngumu hujikita ndani ya shaba laini na kuigeuza kuwa jiwe la kunolea, ambalo nalo hukikata chuma. Dodoma imekaa juu ya miamba ya matale (graniti), ile inayochomoza mjini kama Mlima Simba, na matale yanapomomonyoka huacha mchanga wenye kwazi, madini yanayoweza kukikwaruza chuma. Ukijumlisha kiangazi kirefu na upepo wake, saa isiyo na kifuniko cha nyuma hapa kwetu huzeeka upesi. Kifuniko kilichopotea si urembo. Kitafutiwe mbadala hata wa bati.

“Oili ni oili”

Mikoa ya Singida na Dodoma ina alizeti tele, na chupa ya mafuta hayo haikosekani jikoni, kwa hiyo haishangazi kwamba hujikuta ndani ya saa. Mafuta ya alizeti yakikaa katika utando mwembamba hushikana na hewa, huwa kama gundi, kisha huganda. Mafuta ya cherehani ni afadhali, lakini hutambaa na kuliacha tobo kavu. Oili ya saa imetengenezwa ili ikae mahali ilipowekwa, na kipimo chake ni tone la ncha ya sindano kwenye kila ncha ya shafti. Meno ya magurudumu ya shaba hayapakwi oili, kwa kuwa oili juu ya meno hukusanya vumbi lile lile tulilolisema.

Oili mpya juu ya uchafu wa zamani haisaidii. Osha kwanza magurudumu ya shaba kwa maji ya moto, sabuni na mswaki laini, kisha uyakaushe kabisa. Koili isiloweshwe kamwe. Petroli haifai karibu na waya na mpira, achilia mbali hatari ya moto; spiriti nayo huyeyusha shelaki, aina ya gundi ya asili, ambayo baadhi ya watengenezaji waliitumia kushikiza sehemu ndogo.

“Jino moja likivunjika, supa gluu itatosha” na “gia yoyote ya ukubwa huo itafaa”

Gundi haibebi jino. Kwenye gurudumu la shaba hukatwa mfuo wenye umbo la mkia wa njiwa, kipande cha shaba huingizwa na kuchomelewa kwa risasi, kisha huchongwa kwa tupa ndogo hadi kifanane na majirani zake. Gurudumu la nailoni au la fiba ya kitambaa na resini halitengenezwi hivyo, hubadilishwa. Nalo ndilo linalokufa mara nyingi, kwa kuwa huwekwa karibu na rota ili kupunguza kelele. Ikiwa rota huzunguka mara 3,000 kwa dakika, kwa siku moja ni mizunguko 4,320,000, wakati mshale wa dakika huzunguka mara 24 tu.

Unapoagiza au kukerezesha gia mpya, kipenyo peke yake hakitoshi. Hesabu meno, uweke alama ya wino kwenye jino la kuanzia ili usihesabu mara mbili. Gurudumu la meno 60 likibadilishwa kwa la meno 59, saa itapotoka takriban dakika moja kila saa, sawa na dakika 24 hivi kwa siku. Kisha pima kipenyo cha nje kwa vernia na ukigawanye kwa idadi ya meno ukiongeza mbili: milimita 31 kwa 62 ni 0.5, na hicho ndicho kadirio la kipimo cha jino ambalo mkerezaji atalihitaji. Meno mengi ya saa yana mviringo wake wa pekee, tofauti na wa gia za mashine za kawaida, kwa hiyo mpelekee sampuli iliyovunjika pamoja na gia ndogo inayoshikana nayo.

“Ni saa tu, umeme wake mdogo”

Inakula wati chache, lakini waya zake zina volti 230 kama pasi ya kunyooshea nguo, na ganda lake la chuma aghalabu halina waya wa ardhi. Mpira wa waya wa miaka 60 hupasuka ukikunjwa. Ubadilishwe kabla ya kazi nyingine yoyote. Ikiwa namba au mishale ya saa ilipakwa rangi ya kung’aa gizani kabla ya miaka ya 1970, usiikwangue wala kuipuliza, kwa kuwa huenda ina radiamu, madini ya mionzi ambayo nusu-uhai wake, yaani muda wa kupungua hadi nusu, ni miaka 1,600. Rangi ikiwa imekwisha kung’aa bado mionzi ipo.

“Afadhali kuweka mashine ya betri”

Kwa saa ambayo koili yake imeungua na haina mbadala, shauri hilo si la kupuuzwa. Mimi ningelishika mwisho kabisa, maana mishale ya zamani huwa mizito kwa mashine hizo ndogo, na matobo yake hayalingani na shafti mpya, hivyo watu huishia kuikata mishale au kutoboa uso wa saa. Ukilazimika, chagua mashine yenye shafti ndefu na nguvu kubwa, usitoboe chochote, na mtambo wa asili uufunge na skrubu zake zote ndani ya mfuko mmoja, uutundike nyuma ya saa ile ile.