Kori zikipishana saa: kutibu TSC kwenye kompyuta isiyo Mac

Ukishaziona dalili za TSC (saa ya ndani ya prosesa) kupishana, hutazisahau. macOS inawaka kwenye mashine ambayo haikutengenezwa na Apple, lakini inawaka kwa kujikokota. Umeweka `-v` ili uone kinachoendelea, na mistari inashuka mmoja mmoja kama inalipiwa. Ukifika kwenye desktopu kishale cha mausi kinarukaruka, sauti inakatika, na dirisha ulilobofya linafunguka ukiwa umeshakata tamaa nalo. Au inakuja sura ya pili: mashine inawaka vizuri, inafanya kazi asubuhi nzima, unailaza mchana, na ukiiamsha imekuwa nzito kuliko mkokoteni, au keneli, yaani kiini cha mfumo, imeanguka na kompyuta inajiwasha upya.

Fundi wengi hapo hukimbilia kadi ya picha. Wengine huchomoa RAM na kuisugua kwa raba. Kwenye mashine ninazozizungumzia leo mimi huanzia kwingine kabisa, kwenye swali dogo: je, kori zote za prosesa, yaani vitengo vyake vya kuchakata, zinakubaliana ni saa ngapi?

Mashine zenyewe ni zenye mazabodi za Intel za jamii ya X79, X99 na X299, pamoja na workstation za Xeon E5 zilizostaafishwa maofisini Ulaya ambazo leo unazipata kwa bei ya laptopu ya kawaida. Baadhi ya laptopu nazo zina ugonjwa huu. Kabla hatujaenda mbali, niliweke wazi jambo moja: leseni ya macOS inaruhusu kuisimika kwenye kompyuta za Apple tu. Hii ni kazi ya kujifunza kwenye mashine yako mwenyewe. Mteja akiniletea kompyuta ya studio yake nimfanyie hivi, namwambia anunue Mac mini iliyotumika.

Tuingie ndani. Tangu Pentium ya mwaka 1993, prosesa za Intel zina kihesabio kinachoitwa TSC. Kina biti 64, kazi yake ni kuhesabu mapigo tu, na programu hukisoma kwa amri ya `RDTSC`. Zamani kiliharakisha au kupunguza mwendo kulingana na kasi ya prosesa, jambo lililowasumbua sana waandishi wa keneli. Prosesa za sasa zimeondokana na hilo: Xeon E5-2680 v4 inaweza kushuka hadi 1.2 GHz ikipumzika na kupanda hadi 3.3 GHz ikichapa kazi, lakini TSC yake inahesabu mapigo bilioni 2.4 kwa sekunde bila kujali. Kwa mwendo huo biti 64 hazijai mpaka ipite miaka zaidi ya 240.

Tatizo ni kwamba kihesabio si kimoja. Kila kori ina chake, na ukiwasha Hyper-Threading, inayoigawa kori moja kuwa thredi mbili, kila thredi inaonekana kwa mfumo kama prosesa inayojitegemea. Hiyo 2680 v4 ina kori 14 na thredi 28. Zote zikianza sifuri kwa pamoja umeme unapoingia, hakuna shida, zitakwenda sambamba mpaka utakapozima. Moja ikisukumwa mbele, hakuna kitu kitakachoirudisha kwenye mstari. Ni kama misikiti miwili ya mtaa mmoja yenye saa za ukutani zilizopishana: kule wameshatoa salamu, huku ndiyo kwanza muadhini anapanda.

Na mapishano hayahitaji kuwa makubwa. Chukua mapigo milioni 24. Kwa prosesa yetu hiyo ni milisekunde 10. Programu inauliza saa ikiwa kori ya 3, inahamishiwa kori ya 0, inauliza tena, na inaambiwa muda umerudi nyuma. Draiva ya sauti inaomba iamshwe baada ya milisekunde 5. Kwa saa ya kori iliyopewa kazi hiyo muda huo umeshapita, au bado uko mbali. Mbaya zaidi ni pale kori moja inapoitumia nyingine ujumbe na kuipa muda wa kujibu. Muda unapimwa kwa saa mbovu, jibu linaonekana limechelewa, na keneli inahitimisha kwamba kori ile imekufa. Ndipo unapoona keneli ikianguka huku ikilalamika kuwa CPU fulani haijibu, ilhali CPU hiyo ni nzima kama kigongo.

Mtu atauliza: mbona Windows na Linux zinakwenda vizuri kwenye mashine hiyohiyo? Ni kwa sababu haziiamini TSC kwa macho yaliyofumba. Linux inapowaka hupima kori moja baada ya nyingine. Ikikuta zinapishana na haiwezi kuzisawazisha, inaiacha TSC na kuhamia saa nyingine iliyo nje ya kori, kama HPET, ambayo ni ya polepole kusoma lakini ni moja kwa wote. Keneli ya macOS, XNU, haina mlango huo wa dharura. Apple waliiandika kwa ajili ya Mac, na kwenye Mac BIOS yao wenyewe (programu ya mazabodi inayotangulia kuwaka) huhakikisha kori zimesawazishwa kabla keneli haijapokea usukani. Kwa hiyo saa yote ya mfumo inatoka kwenye TSC, basi.

Kinachonifurahisha ni kwamba XNU inaona. Kori mpya inapoamshwa, keneli hulinganisha TSC yake na ya kori iliyoiamsha, na kipimo chake cha uvumilivu ni `0xFFF`, yaani mapigo 4,095, ambayo kwetu hapa hayafiki hata mikrosekunde mbili. Ikizidi hapo, keneli ya kawaida huandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu zake na kuendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Keneli ya watengenezaji, ile ya kutafutia hitilafu, huanguka palepale.

Nani basi anayezisukuma saa hizi? BIOS. Si silikoni iliyoharibika, na si macOS. Wakati wa kuwaka au wa kuamka usingizini, BIOS ya mazabodi huandika thamani kwenye TSC ya kori ya kwanza na kuzisahau nyingine, au huzipa thamani kwa kupishana. Kuanzia kizazi cha Haswell Intel waliweka shahidi wa jambo hilo: rejista ya `0x3B`, iitwayo TSC_ADJUST. Prosesa ikipata umeme rejista hii huwa sifuri. Mtu yeyote akiigusa TSC, tofauti aliyoiweka inaandikwa humo. Na inafanya kazi pande zote mbili: ukiandika kwenye TSC_ADJUST, TSC yenyewe inasogea kwa kiasi hichohicho. Maana yake ni kwamba ukiandika sifuri kwenye rejista hiyo kwa kila thredi, umefuta kila kitu BIOS ilichofanya, na kori zote zinarudi kwenye hesabu ya awali ya umeme. Hakuna kukadiria, hakuna kupoteza pigo hata moja. Sijui mbinu nyingine safi kama hii kwenye kazi nzima ya kuhangaika na mashine za namna hii.

Kwa hiyo usianze kumwaga kexti, yaani viongezi vya keneli ya macOS. Anza na flashi ya Linux, Ubuntu yoyote ya karibuni itafaa. Iwashe bila kuisimika, fungua teminali, andika `sudo dmesg | grep -i tsc`. Mashine yenye ugonjwa huu na yenye prosesa ya Haswell kwenda juu itakuonyesha mstari unaoanza na `[Firmware Bug]` na kusema `TSC ADJUST differs within socket(s), fixing all errors`. Umepata ushahidi, tena umetajiwa na mhusika. Kwenye X79, ambayo haina TSC_ADJUST, utakutana na `TSC warp between CPUs`, kisha ukisoma `/sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource` utakuta `hpet` badala ya `tsc`.

Hapa kuna mtego. Watu husoma rejista kwa `rdmsr -a 0x3b`, wanakuta thamani zote zimelingana, wanasema mashine ni nzima. Linux imeshazirekebisha wakati wa kuwaka! Unapiga picha eneo la ajali baada ya kufagiliwa. Amini `dmesg`, siyo `rdmsr`. Ukimaliza, laza mashine kwa `systemctl suspend`, iamshe, kisha soma `dmesg` tena. Ukiona mistari ya `TSC ADJUST differs` inayoishia na `Restoring`, fahamu kwamba BIOS inarudia uharibifu kila ikiamka, na dawa ya kuwaka peke yake haitakutosha.

Upande wa macOS kipimo ni rahisi. Weka `cpus=1` kwenye `boot-args`, yaani maagizo ya kuwashia, na uwashe. Kori ikiwa moja, hakuna wa kupishana naye. Mashine iliyokuwa ikijikokota ikiwaka laini, umemaliza kubishana. Ni njia nzuri pia ya kumalizia usimikaji kabla ya kutibu, ingawa ndiyo, utakuwa unaendesha lori kwa gia ya kwanza.

Sasa dawa. Kwanza tafuta toleo jipya la BIOS, kwa sababu kuna mazabodi ambazo mtengenezaji amelisahihisha mwenyewe, na hapo hutahitaji kingine. Lisipokuwepo, kexti ninayoanza nayo leo ni CpuTscSync, inayotunzwa na kundi la acidanthera, walewale wa OpenCore, programu ya kuwashia macOS kwenye mashine zisizo za Apple. Inategemea kexti nyingine iitwayo Lilu, kwa hiyo kwenye `config.plist`, faili la mipangilio la OpenCore, sehemu ya `Kernel` kisha `Add`, Lilu itangulie. Imerithi kazi ya VoodooTSCSync ya zamani na kuongeza jambo moja muhimu: inaifunga `xcpm_urgency`, sehemu ya usimamizi wa umeme ya keneli, hadi pale TSC zitakapokuwa sawa. Anguko nyingi za wakati wa kuamka hutokea hapo.

Kuna pia TSCAdjustReset, ambayo haifanyi zaidi ya kuandika sifuri kwenye ile `0x3B`. Ni ndogo, na kwa X99 na X299 naipenda. Lakini lazima uifungue `Info.plist` yake na kuweka `IOCPUNumber`, ambayo ni idadi ya thredi ukitoa moja, kwa kuwa hesabu inaanza sifuri. Kwa 2680 v4 unaandika 27. Ukiandika 13 kwa kuhesabu kori badala ya thredi, mashine itakuwa haijatibiwa na utaanza kuilaumu kexti. Usiziweke kexti hizi mbili kwa pamoja, chagua moja.

X79 na ndugu zake hazina rejista ya kufuta, kwa hiyo zinatibiwa kwa njia ya kizamani: kori zote husimamishwa kwa pamoja, TSC ya kori moja inasomwa, na zote zinaandikiwa thamani hiyo. Mabaki ya mapigo machache hayakosekani, lakini mfumo unayavumilia.

Ukiwasha na `-v` baada ya hapo utaishuhudia dawa ikiingia. Mistari ya mwanzo bado itajikokota, kwa sababu keneli imeshaanza kazi kabla kexti haijapakiwa. Kisha kexti inaingia na mistari inafyatuka. Kama unatumia keneli ya watengenezaji, kexti itakuwa imechelewa, maana keneli hiyo inaanguka kabla. Kwa ajili hiyo OpenCore ina `TscSyncTimeout` kwenye `UEFI`, sehemu ya `Quirks`, na thamani inayopendekezwa ni 500000. Keneli ya kawaida haiihitaji, iache sifuri.

Mambo mawili yasikuchanganye. Saa ya ukutani ya mfumo ikikimbia au ikichelewa kwa mwendo uleule, huku kila kitu kingine kikiwa laini, hilo ni kosa la masafa ya TSC yaliyokadiriwa vibaya, na CpuTscSync haitaligusa. Linganisha `sysctl machdep.tsc.frequency` na kasi ya msingi ya prosesa yako. Na kama macOS yako iko ndani ya KVM, yaani kompyuta pepe inayoendeshwa juu ya Linux, mtibu mwenyeji kwanza. Linux ya chini ikiwa imeshahamia `hpet`, hakuna kexti ya mgeni itakayokuokoa, hata ukiweka `+invtsc`, chaguo la kumpa mgeni TSC isiyobadilika mwendo.

Ikiwa mashine inawaka vizuri ila kila kuamka ni balaa, na umeshajaribu kexti zote mbili kwa zamu, mimi huandika `sudo pmset -a sleep 0` na kuendelea na maisha. Workstation ya Xeon haikuzaliwa kwa ajili ya kulala. Na usitumbukize fedha nyingi humu: Apple walishatangaza Juni 2025 kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa prosesa za Intel, kwa hiyo X99 yoyote utakayoinunua leo kwa kazi hii tayari ina tarehe yake ya kufikia ukomo.