Swappiness 60 si Asilimia ya RAM

Jamani, vm.swappiness, namba ya mpangilio wa Linux inayohusu swapu (sehemu, kwa kawaida ya diski, inayohifadhi memori ya programu iliyoondolewa kwenye RAM), si asilimia. Kijana mwingine wa IT hapa Kijitonyama amenieleza kwa kujiamini kabisa kwamba 60 maana yake Linux inaanza kutumia swapu RAM ikibaki asilimia 40, kwa hiyo kila seva iwekewe 10 na kompyuta ya mezani iachwe ilivyo. Nimeisikia Posta, nimeisikia Kariakoo, na imenichosha.

Namba hiyo haipimi RAM imejaa kiasi gani. Kerneli (moyo wa Linux) ikibanwa na memori, lazima ipate nafasi: ama itupe kurasa (vipande) za faili zilizo kwenye kache, yaani nakala zilizowekwa kwenye RAM, ama isukume memori ya programu iende swapu. Swappiness inaiambia kipi kina gharama kubwa zaidi kukirudisha. Ukiweka 100, gharama zinahesabiwa sawa; 60 inasema swapu ni ghali kidogo. Tangu Linux 5.8 ya mwaka 2020 unaruhusiwa kufika 200, kwa sababu ukiwa na zram (swapu iliyobanwa ndani ya RAM yenyewe), kusoma swapu ni haraka kuliko kusoma faili kutoka diski. Sasa 200 ingekuwa asilimia ya nini?

Tena ile dawa ya 10 mara nyingi inapewa mgonjwa asiyehusika. Mtu wa kompyuta ya mezani ndiye anayekereka akirudi kwenye kivinjari alichokiacha tangu asubuhi akakikuta kimesinzia. Huyo kushusha kunaweza kumfaa. Seva ya faili inaishi kwa kache. Ukiiwekea 1, kerneli itatupa faili zinazosomwa kila dakika ili kulinda memori ya huduma iliyolala tangu seva iwashwe.

Kwa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, sina namba ya kukupa. Inategemea bafa zake (memori inayojitengea yenyewe) pamoja na kache ya kerneli, hivyo namba inayopendeza katikati ya mwezi inaweza kuumiza siku ya ripoti. Mimi hutazama safu za "si" (memori inayorudi kutoka swapu) na "so" (inayokwenda swapu) kwenye amri ya vmstat wakati kazi imechanganya, na hata hapo nabaki na mashaka.

Kwenye mipangilio hiyohiyo ya kunakili nimekuta pia tcp_tw_recycle, mpangilio wa kuondoa haraka maunganisho ya TCP yaliyokwisha. Iliondolewa Linux 4.12, mwaka 2017, kwa kuwa ilikuwa inatupa maunganisho ya wateja walio nyuma ya NAT moja (kifaa kinachowafanya wengi watumie anwani moja), na wateja wetu wengi wa Dar wanaingia kwa simu, wakichangia anwani ya IP. CentOS 7, toleo la Linux lenye kerneli 3.10, bado inayo. Kabla hujalaumu mtandao wa simu, endesha amri sysctl net.ipv4.tcp_tw_recycle; ikijibu 1, iweke 0.