Je, wajua kwa nini bao la kwanza la Ufilipino katika Kombe la Dunia la Wanawake lilifungwa na binti wa California?

Tarehe 25 Julai 2023, jijini Wellington, katika dakika ya 24 ya mchezo dhidi ya wenyeji New Zealand, Sarina Bolden aliupiga kwa kichwa mpira wa krosi uliotoka kwa Sara Eggesvik. Kipa Victoria Esson aliugusa, lakini ukampita na kutinga wavuni. Lilikuwa bao la kwanza la Ufilipino katika fainali hizo, na matokeo ya 1-0 yakawa ushindi wao wa kwanza. Mfungaji alizaliwa Santa Clara, California, mwaka 1996. Aliyepiga krosi ni mzaliwa wa Norway. Kati ya wachezaji 23 wa kikosi kile, 18 walizaliwa Marekani.

Kisheria hapakuwa na tatizo lolote. Katiba ya Ufilipino ya mwaka 1987 humtambua kuwa raia kila mtoto ambaye baba au mama yake ni raia wa nchi hiyo, popote anapozaliwa, na kanuni za FIFA hazimtaki mwenye uraia wa namna hiyo awe ameishi kwanza nchini anakochezea.

Lakini sheria hufungua mlango tu. Haimfundishi mtu kusakata kabumbu. Ufilipino ilitawaliwa na Marekani kuanzia mwisho wa karne ya 19 hadi mwaka 1946, na utawala huo uliacha mambo mawili yanayohusu habari hii: uliingiza mpira wa kikapu, ambao hadi leo umeufunika mpira wa miguu visiwani humo, na ulifungua njia ya Wafilipino kuhamia California. Huko, sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu ilivisukuma vyuo kuanzisha timu za wanawake na kuwafadhili wachezaji masomo. Hivyo mpira ambao msichana wa Manila aliukosa karibu na nyumbani, binti wa wahamiaji aliukuta shuleni kwake. Bolden mwenyewe alipitia Chuo Kikuu cha Loyola Marymount, Los Angeles.

Aliingia timu ya taifa mwaka 2018, mwaka ambao Ufilipino ilicheza Kombe la Asia nchini Jordan na kufungwa 5-0 na Korea Kusini katika mchezo ambao mshindi angekata tiketi ya mwisho ya Asia ya kwenda Kombe la Dunia la 2019 nchini Ufaransa. Kipigo hicho kilionyesha kwamba kukusanya wenye vipaji hakutoshi ikiwa hawafanyi mazoezi pamoja. Kocha Alen Stajcic, raia wa Australia aliyeteuliwa mwaka 2021, aliwakusanya wachezaji kambini kwa muda mrefu huko Irvine, California. Inachekesha kidogo, timu ya taifa kupiga kambi ughaibuni, ila kwa kikosi hiki huko ndiko kulikokuwa nyumbani kwa wengi.

Matunda yalionekana tarehe 30 Januari 2022, mjini Pune, India, katika robo fainali ya Kombe la Asia. Baada ya sare ya 1-1 na Taiwan, mikwaju ya penalti iliamua: kipa Olivia McDaniel aliokoa, Bolden akapiga mkwaju wa ushindi, 4-3, na tiketi ya Kombe la Dunia ikapatikana. Julai mwaka huohuo waliifunga Thailand 3-0 katika uwanja wa Rizal Memorial, Manila, wakawa mabingwa wa Asia ya Kusini-Mashariki mbele ya watu wao.

Bolden naye alichezea klabu ya Taiwan kabla ya kuhamia Western Sydney Wanderers ya Australia, alikokuwa hadi fainali za 2023. Siku tano baada ya Wellington safari ya Ufilipino iliishia Auckland, ilipofungwa 6-0 na Norway, nchi alikozaliwa Eggesvik.